Siku nne na San Andreas iliyokuwa ikijitoa

"Anko, limejitoa tena."

Wiki ile niliisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko shikamoo. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo, nami kwa kujisifu nikamwambia nitamwekea gemu la kompyuta la GTA San Andreas, lenye magari na mbwembwe zote tulizokuwa nazo enzi zetu za hosteli.

Gemu hilo lilifika kwenye kompyuta mwaka 2005. DVD yangu ya zamani ina mikwaruzo kama sufuria ya ugali, kwa hiyo nikanunua nakala mpya mtandaoni, nikaiweka kwenye laptopu ya Windows 10. Halafu nikatoa diski ya nje yenye folda yangu ya modi, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji. Humo kuna magari, nguo za CJ, mhusika mkuu wa gemu, skripti za CLEO (maagizo madogo yanayoendeshwa ndani ya gemu na modi iitwayo CLEO), mafaili kadhaa ya ASI, hata sevu zangu za zamani, yaani michezo niliyohifadhi. Nikamimina vyote kwa mkupuo. Sikuona sababu ya kuweka kimoja kimoja, maana zamani vyote vilikuwa vinafanya kazi.

Gemu halikufika hata kwenye menyu. Kioo cheusi, kisha nikarudishwa deskitopu bila neno lolote.

Siku ya kwanza niliipoteza kwa kubahatisha. Nilibadilisha dereva za kadi ya picha, nikaliendesha kama msimamizi, nikaiambia Windows ijifanye toleo lake la zamani, XP. Kilichosaidia kikawa kitu kidogo ambacho nilikuwa nimekipita mara tatu. Kwenye folda ya Documents, ndani ya GTA San Andreas User Files, kuna faili liitwalo gta_sa.set. Linatunza mipangilio ya kioo, sauti na vitufe, na mimi nilikuwa nimenakili la zamani pamoja na sevu. Likitoka kwenye toleo jingine la gemu linaweza kuliangusha kabla hujaona chochote. Nikalifuta, gemu likatengeneza jipya, menyu ikaja. Wakati huohuo nikalihamisha gemu zima kutoka Program Files kwenda D:\Magemu, kwa sababu modi nyingi za zama za XP hupenda kuandika mafaili yao pembeni ya gemu, na tangu Vista Windows hairuhusu hilo kirahisi ndani ya Program Files.

Menyu ikaja, lakini ukibonyeza kuanza, mstari wa kupakia ukifika mwisho, linajitoa.

Siku ya pili ndipo nilipoacha kukisia. Windows huandika kila programu inapoanguka, ila haikwambii. Andika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua rekodi za programu, tafuta alama nyekundu yenye saa ileile gemu lilipojitoa. Nilikuta jina gta_sa.exe, ambalo ndilo faili la gemu lenyewe, msimbo 0xc0000005, na chini yake mstari uliokuwa na thamani zaidi: moduli iliyosababisha. Haikuwa gemu lenyewe. Lilikuwa faili moja la ASI kati ya yale niliyomimina.

Hapa inabidi nieleze, maana ndipo penye kiini cha taabu zote za gemu hili. Faili la ASI ni DLL ya kawaida, yaani faili la msimbo ambalo programu hulipakia, iliyobadilishwa jina tu, nalo huingia ndani ya gemu na kubadilisha maagizo likiwa tayari kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Linajuaje pa kubadilisha? Mtengenezaji aliandika anwani kamili. Ni kama mtu aliyekariri kwamba fundi anakaa nyumba namba 40. Siku mtaa ukipangwa namba upya, ataenda 40 ileile na kugonga mlango wa mtu mwingine. Modi nyingi za zamani zilikariri anwani za gta_sa.exe toleo la 1.0 la Marekani. Nakala niliyonunua ilikuwa toleo la baadaye, na anwani zake haziko palepale. 0xc0000005 maana yake ni programu kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Mlango usio wake.

Zipo programu ndogo za kulirudisha gemu ulilonunua kwenye 1.0. Nilifanya hivyo kwenye nakala ya folda, la awali nikaliacha bila kuguswa. Kuhakikisha ni rahisi: bofya kulia gta_sa.exe, tazama ukubwa. La 1.0 linalotumiwa zaidi na watu wa modi lina baiti 14,383,616. Nikaongeza SilentPatch, inayorekebisha makosa ya gemu lenyewe kwenye kompyuta za leo. Likaingia mchezoni. Mpwa akapiga kofi mezani, chai ikamwagika.

Sevu zangu, hata hivyo, zilikataa. Zilitengenezwa wakati nimebadilisha main.scm, faili linaloendesha misheni, na sevu hufungamana na main.scm iliyoizaa. Asilimia 87 ya maisha yangu ya chuo ikaenda. Mpwa hakuona tatizo, yeye alitaka kuanza mwanzo.

Dakika kumi baadaye: "Anko."

Safari hii rekodi ya Windows ilimtaja gta_sa.exe mwenyewe, na hiyo haisaidii kitu, ni sawa na kuambiwa aliyekufa ndiye aliyekufa. Nilikuwa na skripti 37 za CLEO. Kuondoa moja moja na kucheza dakika kumi kila mara kungekula siku nzima, kwa hiyo nikagawa nusu kwa nusu. Ondoa nusu, cheza. Likijitoa, mbaya yumo kwenye waliobaki. Lisipojitoa, yumo kwenye waliotoka. Kutoka 37 unafika kwenye moja kwa raundi sita. Mpwa ndiye aliyekuwa mchezaji wa majaribio, nami nikaandika matokeo kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, kati ya bei ya mkaa na bei ya mchele.

Iliyopatikana ilikuwa skripti ya enzi za CLEO 3, wakati mimi nimeweka CLEO 4. Sikuitupa. CLEO 4 ina mlango wa wazee: badilisha mwisho wa jina la faili kutoka .cs kuwa .cs3, nayo itaendeshwa kwa taratibu za toleo la tatu. Herufi moja iliyoongezwa, na ikatulia.

Likabaki basi la abiria.

Basi hilo alilileta mwenzangu wa chumba hosteli, limepakwa rangi za mabasi ya mikoani, linachukua nafasi ya Coach, basi la gemu lenyewe. Kila tulipolikaribia, barabara zilianza kutoweka, nyumba zikawa kama ukungu, kisha deskitopu. Nikafungua TXD yake, faili lenye picha za rangi zake, kwa programu ya Magic.TXD. Picha nne, kila moja pikseli 2048 kwa 2048, bila kubanwa. Picha moja ya namna hiyo ni megabaiti 16. Nne ni 64. Gemu lenyewe limetengewa takriban megabaiti 50 za kubebea mji wote unaokuzunguka, yaani basi moja lilizidi Los Santos nzima, mji wa kwanza wa gemu.

Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa hiari. Hata hosteli lilikuwa linajitoa! Tulikuwa tunalaumu joto, tunaegesha feni kwenye kompyuta. Ile "zamani ilifanya kazi" yangu ilikuwa uongo nusu. Na si modi peke yake. Ndege ya majini ya gemu hili, Skimmer, ilitoweka kwenye Windows 11 24H2, na mtengenezaji wa SilentPatch akagundua kwamba mstari wake kwenye vehicles.ide, faili linaloorodhesha magari, ulikosa vipimo vya magurudumu tangu gemu linatoka. Kwa miaka 20 gemu lilikuwa linaokota namba zilizosalia kwenye kumbukumbu kutoka kwa gari lililosomwa kabla yake, na kwa bahati zilifaa.

Ningeweza kupandisha kikomo cha kumbukumbu, modi za kufanya hivyo zipo, lakini nilipunguza picha kwanza hadi 512. Kila moja ikawa megabaiti moja. Basi sasa linatoka Los Santos hadi San Fierro bila kukata, ila jina lililoandikwa ubavuni limekuwa ukungu, huwezi kulisoma hata ukisimama pembeni.

Modi tatu bado ziko kwenye folda niliyoipa jina Karantini. Mpwa anaulizia moja kila siku.