Facebook ilivyofungwa, biashara ndogo ndo ziliumia

Ukipita soko la Owino pale Kampala, Uganda, siku hizi utaona muuza mitumba anafungua belo, anatoa gauni moja analikung'uta, analitundika kwa hanga anapiga picha, na kabla hajamaliza belo lote mteja wa Ntinda ashajibu status yake ya WhatsApp, pesa imeingia kwa mobile money na boda anapeleka mzigo. Hana duka la barabarani wala pango la mamilioni, na hilo kwangu ni jambo kubwa sana.

Ila jamani hawa watu wamepitishwa pagumu. Julai 2018 ikaja kodi ya OTT, yaani ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kila siku ndo ufungue Facebook au WhatsApp, wengi wakakimbilia VPN, programu za kuikwepa kodi hiyo. 2021 ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Na Januari mwaka huohuo, siku za uchaguzi, Facebook ikafungwa, sasa mtu kajenga pegi yake miaka na miaka, wateja wote wako pale, inabidi aanze moja TikTok! Mi naona ifunguliwe tu, anayeuza viatu na keki mle hana siasa na mtu.