Hisani na uzuri wake

Ijumaa hii hapa Wete khatibu alipofika mwisho wa hotuba ya pili alisoma, kama ilivyo desturi, ile aya ya 90 ya Suratun Nahl: Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na hisani, na kuwapa jamaa. Naisikia tangu utotoni, lakini safari hii nimetoka nayo. Uadilifu ni kumpa mtu haki yake. Hisani huanzia pale haki inapoishia: hudaiwi, hakuna atakayekuuliza, na bado umetoa.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ihsani, na mzizi wake ni uzuri. Humo ndimo yalimotoka majina ya Hassan, Hussein na Muhsin, na hizi hasanati tunazozitafuta Ramadhani. Hata ahsante ni ya ukoo huo, maana ahsanta kwa Kiarabu ni "umefanya vyema".

Imo hadithi katika Sahihi Muslim: Mtume (S.A.W.) anasema Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, na mkichinja basi chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Mnyama anakwenda kufa, na bado anastahiki kutendewa kwa uzuri. Seuze binaadamu mwenye njaa?

Shangazi yangu hakusoma vitabu vingi, lakini hili analijua vizuri sana. Mwezi wa Ramadhani akishapika muhogo wa nazi, hupakua sahani, akaifunika kawa, akamtuma mjukuu kwa jirani ambaye mumewe hana kazi. Mtoto hupitia uani, si barazani walikokaa watu. Na maneno hufunzwa kabla hajatoka: "Bibi kasema leo kazidisha chakula, anaomba mumsaidie kula kisije kikaharibika." Hakuzidisha kitu. Sufuria naiona, imekwanguliwa mpaka chini. Lakini kwa maneno yale jirani ndiye anayesaidia, na shangazi ndiye aliyeomba. Mimi sijaona hisani iliyotimia kuliko hiyo.

Ndiyo maana naumia nikifungua simu nikakutana na zile picha. Mama wa watu, mtu mzima, kashikishwa kiroba cha mchele, nyuma yake bango kubwa: "Kwa hisani ya" fulani. Mchele utapikwa, watoto watashiba, na aliyetoa namuombea Mungu amzidishie, sina kinyongo naye. Lakini mchele utakwisha wiki ijayo, na ile sura itabaki inazunguka kwenye simu, mpaka ifike kwa wanafunzi wanaokaa dawati moja na mwanawe skuli.

Basi ndugu zangu mnaogawa, najua wafadhili wanataka kuona amana yao imefika. Wapigieni picha magunia yakishushwa kwenye gari, wapigieni na risiti za duka. Huyo mama mwacheni achukue chake aende kupika.