Pima Moja na Dhiraa Moja

Nilipoanza kutafuta kafi la Kigreenland nilikuwa naishi Amager, kusini mwa Copenhagen, na bega langu la kulia lilikuwa limechoka. Makafi ya kilabu chetu cha kayaki, ile mitumbwi myembamba, yalikuwa yale ya kisasa, yenye ubapa mpana uliopinda kama upawa. Ukilichovya tu linashika maji yote kwa mpigo mmoja, na uzito wote unaishia begani.

Kafi la Greenland ni jembamba, refu, limenyooka, na ubapa wake unaweza kuukamata kwa kiganja. Kule hakuna misitu ya kukata mbao. Wawindaji wa sili walichonga makafi na mbavu za kayaki zao kwa magogo yaliyoletwa na bahari, mengi yakitoka kwenye mito ya Siberia na kusafirishwa na barafu hadi ufukweni kwao. Ncha na kingo wakazivisha mfupa zisiliwe na barafu. Mti unapokuwa adimu kiasi hicho, mtu hachongi kwa kubahatisha.

Mwezi Mei kilabu kikaandaa siku ya kujaribu makafi. Yalipangwa gatini, ya mwerezi na ya nyuzi za kaboni, kila moja limeandikwa vipimo vyake. Nilikwenda na mwenzangu wa kilabuni, mhandisi anayeunda mapanga ya mitambo ya upepo. Pale gatini mitambo 20 ya Middelgrunden, iliyosimikwa baharini mwaka 2000, ilikuwa inaonekana vizuri, naye akainyooshea kidole.

"Unaona mapanga yale yalivyo marefu na membamba? Ubapa wa namna hiyo unapoteza nguvu kidogo tu nchani. Mpana na mfupi, maji yanazunguka ncha na kukukimbia. Hawa watu wa Greenland walilijua hili kabla yetu."

Nilipenda alivyolisema, kwa heshima, bila kuwafanya mababu wa watu kuwa wachawi au wajinga. Kisha akatoa utaratibu wake. Nipige kafi kwenye mfereji wa ndani, mapigo ya moyo yasizidi 130 kwa dakika, nende na kurudi ili upepo usipendelee upande wowote, na saa ya setilaiti irekodi mwendo. Kafi la sentimita 225, lenye ubapa wa upana wa 9.5, lilinipa kilomita 6.4 kwa saa. La sentimita 218, ubapa 8.5, likanipa 6.2. Kwake habari ilikuwa imekwisha: chukua refu.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja mzaliwa wa Sisimiut, mji wa Greenland, aliyekuwa amekaa akipaka mafuta kafi lake. Hakutazama saa. Aliniambia ninyooshe mikono yote miwili, akanipima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: sentimita 172. Akanipima tena kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: 46. Pima moja na dhiraa moja, jumla 218.

Nilinyamaza kidogo. Kwetu Pemba baba yangu hakupata kununua kamba kwa mita. Aliitandaza kifuani, pima baada ya pima, na kina cha maji alikitaja hivyo hivyo. Sikutegemea kukutana na kipimo hicho kwa mtu aliyekulia kwenye barafu.

"Mzee," nikamwambia, "lile refu linakwenda kasi zaidi."

"Lishike nchani," akajibu.

Nikalishika ubapa, dole gumba ukingo mmoja, vidole ukingo wa pili. Kwenye lile pana vidole vyangu havikufika kukunjika ukingoni. Ubao ulikuwa unateleza. Lile la 8.5 likajaa kiganjani vizuri. Akanieleza kwa nini. Kayaki ikipinduka, mkono mmoja unalisogeza kafi hadi nchani, unapata mkono mrefu wa kujiinulia. Maji ya Greenland hayakupi muda wa kuogelea. Mwindaji ambaye hakuweza kuukamata ubapa wake kwa nguvu akiwa kichwa chini hakurudi nyumbani. Basi upana wa kafi ulipimwa kwa kiganja cha mwenyewe, na hakuna saa inayokipima kiganja.

Niseme pia kwamba hisia zina hila zake. Kulikuwa na kafi la kaboni, jepesi ajabu, nikawa nalizungusha gatini kwa furaha na karibu nitoe pesa. Mzee alilichukua mikononi mwangu akalirudisha mahali pake, akaniambia kafi haliulizwi nchi kavu. Alisema kweli. Wepesi unaousikia umesimama ni habari ya mikono tu; kiuno, mgongo na bega havijaulizwa.

Tukaingia majini. Lile la 218, ukiulaza ukingo wa juu mbele kidogo, linaingia bila kubeba kiputo hata kimoja. Niliinama kuangalia: maji yanafunga nyuma ya ubapa, hakuna povu, hakuna mlio. Ukilisimamisha wima kabisa linaanza kutikisika kushoto na kulia, ukililaza tena linatulia. Ile pembe ndogo sikuifundishwa na mtu. Mkono uliitafuta wenyewe ukaipata. Baadaye mhandisi aliniambia ndivyo inavyotakiwa, na akanieleza sababu. Nilifurahi kuijua. Lakini mkono ulikuwa umeshafika.

Jioni tulikwenda hadi Middelgrunden, kilomita kama 3 na nusu kutoka pwani. Kwenda nilitumia lile refu, kurudi lile la pima na dhiraa. Bega lilianza kuuma kabla hatujaifikia mitambo. Wakati wa kurudi halikusema kitu. Mwenzangu, mtu mkweli, alinikumbusha kwamba upepo ulikuwa umegeuka na hili si jaribio la kuandikwa popote. Ni kweli. Saa yake bado ilikuwa inalipendelea lile refu, na sina ubishi na namba zake. Ila zilitokana na dakika chache kwenye mfereji uliotulia, nami nilikuwa nanunua kafi la saa nne za mawimbi ya ubavu. Kwa kazi hiyo shahidi ninayemwamini zaidi ni bega, mradi aulizwe baada ya kuchoka, asiulizwe asubuhi.

Nililipia la 218. Pembe za mpini zilikuwa kali kwa vidole vyangu, kwa hiyo nikazipunguza kwa msasa nyumbani, kidogo kidogo, nikilishika na kuliachia, kisha nikalipaka mafuta ya kitani mara tatu. Mwenzangu alichukua lile la 225. Ana mikono mirefu na viganja vipana; mzee alipompima, pima yake na dhiraa yake zilifika 230, na vidole vyake vilikunjika ukingoni bila taabu.