Diamond Platnumz, amapiano na maneno ninayoyakosa

Sikukuu ya Idd iliyopita mpwa wangu alinikalia kooni akitaka nikiri kwamba sisi mashabiki wa zamani wa Diamond Platnumz tunamwonea tunapolalamika kwamba ameikimbia Bongo Fleva na kuhamia amapiano, muziki wa kuchezwa wa Afrika Kusini. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana kwangu jambo hili si dogo: nyimbo za mwanzo za msanii huyu zilinikuta kijana na sijaacha kuzisikiliza.

"Mjomba," aliniambia, "kama kuchukua mdundo wa watu ni kosa, basi Bongo Fleva yenyewe ni kosa." Hapo alinishinda. Vijana wa Dar es Salaam walioanzisha muziki huu miaka ya 1990 walichukua mtindo wa kufoka wa Wamarekani, wakautia Kiswahili hadi ukawa wa kwetu. Hata muziki wa dansi wa wazee wetu ulishiba gitaa la Kongo. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa huko, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Diamond mwenyewe alianza kugeuka zamani, tangu Number One ya mwaka 2013, ambayo baadaye aliirudia na Davido wa Nigeria, hadi Waah! ya mwaka 2020 aliyoimba na Koffi Olomide wa Kongo. Kwa hiyo anayedai kwamba amapiano haimfai kijana wa Tandale kwa kuwa imezaliwa Afrika Kusini, mimi sipo upande wake.

Kinachoniuma ni maneno. Kamwambie, wimbo uliomtoa, ni wa mtu aliyeachwa anayeomba ujumbe wake umfikie mpenzi wake. Mbagala ni kilio cha maskini anayempoteza mpenzi kwa kukosa fedha. Ukizisikiliza unamwona mtu mwenyewe, na unaijua haya inayomzuia kwenda kusema kwa kinywa chake. Komasava ya mwaka 2024 imesukwa kwa ustadi, nalikubali hilo, na ilivuka mipaka hadi Mmarekani Jason Derulo akaingia katika toleo lake la pili. Lakini imejengwa juu ya salamu za lugha mbalimbali, kuanzia jina lake, ambalo ni Kifaransa kilichoandikwa kama tunavyokitamka. Baada ya salamu nangoja habari, na habari haiji.

Mpwa wangu alijibu kwamba amapiano ni muziki wa kuchezwa, hivyo mdundo wake mzito hauachi nafasi ya kisa. Sikubaliani naye. Taarabu huchezwa harusini usiku kucha, na mtu huinuka kwenda kumtunza mwimbaji fedha kwa sababu ya ubeti mmoja tu uliomgusa. Wanaomtetea Diamond kwa kuhesabu watazamaji wa YouTube, nao ni wengi, wanajibu swali ambalo sikuliuliza, kwa maana sijasema hasikilizwi.

Jioni ile nilimpigia mpwa wangu Mbagala, wimbo uliotoka yeye akiwa bado mtoto mdogo, naye akaniomba niurudishe mwanzo ili ayasikie maneno vizuri. Fundi aliyetunga kisa kile anaweza kukiketisha kingine kama hicho juu ya mdundo wa Afrika Kusini. Ningeununua wimbo huo siku utakapotoka.