Nilivyopata Pa Kuweka Kompyuta ya Gemu Katika Nyumba ya Vyumba Viwili

Nyumba tunayopanga Kigamboni ina vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na kijikorido kinachokwenda hadi mlango wa nyuma. Watoto wana chumba chao, sisi tuna chetu. Kompyuta yangu niliiunga mwenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RTX 3060, boksi lenye kioo ubavuni, na skrini ya inchi 27. Tulikotoka kulikuwa na stoo pana iliyokuwa kama ofisi yangu. Huku hakuna stoo, kwa hiyo kila kona ilibidi tuijadili.

Wenzangu wengi ninaocheza nao wameweka za kwao chumbani, na sababu zao zinaeleweka. Kuna AC, kuna mlango wa kufunga, na wageni hawaioni. Kwangu wazo hilo halikufika mbali. Mke wangu huamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi pantoni, maana kazi yake iko ng'ambo. Usiku mmoja alijifunua shuka akaniuliza, "Baba, hicho ndicho kinachounguruma au kuna lori nje?"

Nikaanza kuchunguza ile ngurumo inatoka wapi, na jibu likawa joto. Gemu likiwa zito, kompyuta hii pamoja na skrini yake inakula kama wati 300, na wati zote hizo zinaishia kuwa joto ndani ya chumba. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye lugha ya mafundi wa AC, ni kama BTU 1,000 kwa saa. Maana yake AC ya BTU 9,000 inatoa fungu moja kati ya tisa la nguvu zake kuipoza kompyuta tu, na wewe unalipia umeme wa LUKU mara mbili: ya kuzalisha joto na ya kulitoa. Kompyuta yenyewe si mlaji mkubwa. Saa nne za gemu ni uniti moja na kidogo, haizidi shilingi 450 kwa bei tunayonunulia sisi. AC ndiyo inayomaliza uniti.

Februari, kaskazi imekolea na jasho halikauki, nilipima. Chumbani, mlango umefungwa na AC imezimwa, kadi ya picha ilipanda hadi nyuzi 84. Gemu lile lile, sebuleni, dirisha wazi na pangaboi linazunguka, ikatulia kwenye 75. Kikomo cha kadi hii ni nyuzi 93, kwa hiyo hata chumbani haikuwa inaungua. Ila ili isifike huko, feni zake zilizunguka kwa kasi yote, na huo ndio uliokuwa mlio wa lori. Sebuleni ukikaa mezani huzisikii, labda uinamishe sikio.

Basi ikawa sebule. Lakini sebule wapi?

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye dirisha kubwa la upande wa baharini, maana upepo wa pale ni mtamu kuliko popote ndani ya nyumba. Kilichonizuia ni grili. Mwenye nyumba alizipaka rangi karibuni tu, na tayari kwenye maungio kutu imeanza kuchuruzika, skrubu za komeo nazo zimegeuka kahawia. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, na chumvi ikishapata unyevu haichagui chuma cha dirisha au miguu midogo ya shaba kwenye saketi. Halafu masika mvua inaingia kwa ubavu, hata pazia linalowa. Ukiongeza vibaka wanaochungulia madirishani, kioo kinachowaka taa za rangi pale kingekuwa tangazo.

Ukuta wa TV nao ulikataliwa kabla sijamaliza sentensi. "Mama akija atajua tumefungua banda la gemu," mke wangu akasema, na kwa kweli mkwe wangu angelisema hilo mbele ya majirani.

Nikachukua kijiti cha udi, nikakiwasha, nikazunguka nacho sebuleni nikiangalia moshi. Watoto walinifuata kama nafanya kafara. Kwenye kona ya makochi moshi ulisimama wima, yaani hewa pale imelala. Karibu na dirisha ulitapakaa ovyo. Ila kwenye ukuta wa ndani, kando ya mlango wa kuingilia korido, pale palipokuwa na kabati la viatu, moshi ulilala wote upande mmoja ukaingia koridoni kuelekea mlango wa nyuma. Hewa inafika pale ikiwa imepita sebule nzima, nguvu imepungua na mvua haifiki, lakini haisimami. Ukikaa pale huonekani kutoka nje. Kabati la viatu likahamia barazani siku hiyo hiyo, na sijasikia kiatu kikilalamika.

Boksi sikuliweka chini. Nyumba zetu zinadekiwa kila asubuhi, na dada anayetusaidia akishashika tambara na ndoo hamwonei haya mtu. Maji hayo yana sabuni na mchanga, na matundu ya chini ya boksi ndipo hewa inapoingilia. Seremala alinitengenezea stuli ya mbao inayofika usawa wa goti, juu ameacha nafasi kati ya mbao na mbao ili hewa ipite. Nilimwambia pia aiache mbali kidogo na ukuta. Mijusi hupenda kupanda ukutani na kutafuta penye joto, na mjusi mmoja akijipenyeza kwenye pawasapulai anakufa yeye na anakuachia hasara. Matundu ya nyuma nimeyafunika kwa kipande cha wavu wa mbu, ninakitoa na kukikung'uta kila ninapoona kimekuwa kijivu.

Umeme ndio ulionigharimu zaidi. Soketi ya karibu ilikuwa upande wa pili wa ukuta, jikoni, inayohudumia friji na, asubuhi, pasi. Nilitaka kuvuta ekstensheni. Fundi umeme akatikisa kichwa: "Bosi, friji ikiwaka hapa taa zinacheza. Unataka hicho chombo nacho kicheze?" Akavuta waya mpya kutoka meinswichi, soketi pacha, peke yake kwenye swichi yake. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti kwamba tukihama soketi inabaki. Katikati nimeweka yupiesi, kile kifaa chenye betri ya akiba. Umeme ukikatika inanipa dakika chache za kuaga wenzangu na kuzima kwa adabu.

Faida ambayo sikuitafuta ni watoto. Skrini ikiwa njiani kuelekea koridoni, kila anayepita anaiona. Mkubwa akicheza, mama yake akitoka jikoni na sufuria anajua ni gemu gani, anaongea na nani, na kwamba daftari la hesabu bado halijafunguliwa. Chumbani kwao ningehitaji kuweka sheria na kuzisimamia. Zile taa za rangi nimezizima kwenye programu. Usiku zilikuwa zinapaka sebule nzima zambarau na mke wangu akasema anajihisi yuko ukumbi wa harusi.

Kiti cha gemu, kile kikubwa chenye mito ya shingo, hakikupita. Kingeziba njia ya korido, na hapo mke wangu hakutaka hata kusikiliza bei. Ninatumia kiti cha meza ya chakula na mto, nikimaliza ninakirudisha mezani.