Makaa ya Mchuchuma na Mto wa Mawengi: Niliyoyakuta Ludewa Baada ya Miaka Mingi

Nilipoondoka Ludewa mwaka 2008, wilaya yetu ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, na mtu akitaja umeme mazungumzo yaliishia Mchuchuma. Makaa ya mawe yalikuwa yamelala pale chini ya ardhi, zaidi ya tani milioni 400, na chuma cha Liganga kilikuwa jirani yake. Kwa hiyo wazee wetu waliamini kwamba siku moja mtambo mkubwa ungejengwa na nguzo zingefika hadi milangoni mwao. Mwaka 2011, nikiwa tayari Ujerumani, Shirika la Taifa la Maendeleo lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, na kituo cha megawati 600 kikatangazwa. Nimerudi, sasa tuko mkoa wa Njombe, na kituo hicho bado ni habari ya kwenye makaratasi. Taa nilizozikuta zikiwaka Mawengi na vijiji vya jirani zinatokana na maji ya mto ambao hakuna mwanasiasa aliyewahi kuupigia kampeni.

Mtambo wa Mawengi una uwezo wa kilowati 300. Megawati 600 za Mchuchuma zingekuwa mara 2,000 ya hizo, na nadhani udogo huo ndio uliowezesha kazi kumalizika. Ulijengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia, Jimbo Katoliki la Njombe na fedha za Umoja wa Ulaya, lakini wenye kuuendesha ni jumuiya ya watumiaji wenyewe, iitwayo LUMAMA. Katika nyanda za juu kusini jambo hili si geni kabisa, kwa kuwa misheni zetu zimezoea kujitengenezea umeme wa maporomoko tangu zamani. Kilicho kigeni kwangu ni kwamba mashine hii haiko nyuma ya ua wa misheni, na anayelalamika kuhusu taa yake anamlalamikia mtu anayekaa naye kijiji kimoja.

Nilipanda hadi kwenye banio, yaani kizuizi kinachogeuza maji ya mto kwenda mtamboni, asubuhi moja pamoja na kijana anayelitunza. Kazi yake ya kwanza ni kukokota takataka kwa reki ndefu ya chuma kwenye chujio la nondo ambalo maji hupitia kabla ya kuingia kwenye bomba kubwa linaloteremka hadi nyumba ya mitambo. Siku hiyo yalitoka majani ya mianzi, maganda ya miti, chupa za soda na kipande cha kandambili. Chujio likiziba, maji hupungua bombani, mashine hupoteza kasi, na watu wa mashine za kusaga huona kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwuliza anajuaje mambo yanayotokea huko juu asikofika kila siku. “Kaka, ukiona tope humu wakati mvua haijanyesha, ujue kuna mtu amelima kandokando ya mto,” alinijibu. “Hatusubiri kuambiwa.”

Maneno yake yana hesabu ndani yake. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikiteremka kutoka kimo cha mita 40, hutoa takriban kilowati 300 baada ya kuondoa kinachopotea kwenye bomba na mashine. Maji hayo yakipungua nusu, umeme nao hupungua nusu, na hakuna fundi anayeweza kubadili hilo. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kuanzia hapo mto hutegemea maji yaliyohifadhiwa na misitu na ardhi oevu huko juu. Mtambo mdogo wa aina hii hauna bwawa la kuweka akiba. Hata wenye mabwawa hawakunusurika: Oktoba 2015 TANESCO, shirika la umeme la taifa, ililazimika kuzima vituo vyake vya maji kwa sababu kina kilikuwa kimeshuka mno, na mwishoni mwa 2022 mgawo ulirudi kwa sababu ya ukame. Kama bwawa la Mtera linaweza kuishiwa, mto wetu wa Oktoba unahitaji kutunzwa kuliko hata hilo.

Ndiyo maana nilikuta watu waking’oa mikaratusi kwenye vyanzo vya maji. Msomaji ambaye hajakulia huku huenda asione uzito wake. Mkaratusi kwetu ni akiba ya benki: unakua haraka, unauzwa kama nguzo, mbao au kuni, na mzazi huupanda akifikiria ada ya shule. Serikali imekuwa ikiwahimiza watu waache miti hiyo kwenye vyanzo kwa sababu inakunywa maji mengi, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nilipoondoka, sheria hiyo ilikuwa imekwishapita, na sikuona mtu akiipima kwa hatua wala kwa kamba. Leo inapimwa, na anayepima ni jirani ambaye friji yake inategemea mto.

Katika jambo hili nina maoni tofauti na ya wenzangu wengi tulioishi ng’ambo. Kusini mwa Ujerumani nilitembelea Schönau, mji mdogo ambao wananchi wake walianza harakati baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986, na mwaka 1997 wakafanikiwa kuununua mtandao wa umeme wa mji wao. Wale walianza na dhamiri, kisha wakaja kwenye nyaya. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Sikukutana na mtu aliyeniambia kwamba anapanda miti ya asili kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Walizungumzia taa, mashine ya kusaga, na fundi wa kuchomelea anayekosa kazi maji yakipungua. Semina za tabianchi zimefanyika sana katika wilaya zetu, na mabango yake yamepauka kwa jua. Mita ya umeme iliyo ukutani imefundisha zaidi, kwa sababu mwenye nyumba anaona uhusiano wa kilima na taa yake mwaka uleule.

Lakini nisipambe. Gharama ya kulinda chanzo haikugawanywa sawasawa. Watu wa huku hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni wakati wa kiangazi, ambako unyevu hubaki na ambako maharage, mboga na mahindi mabichi hupatikana wakati ghala limebaki tupu. Vinyungu viko hasa ndani ya zile mita 60. Familia yenye shamba pana la mlimani inaweza kuviacha bila kuumia sana. Mjane mwenye kipande kimoja bondeni amepoteza chakula cha Septemba ili mwenye saluni apate umeme wa Oktoba. Baba mdogo, ambaye ameketi kwenye mikutano ya kijiji tangu enzi za ujamaa, aliniambia wazi kwamba mazungumzo yote huenda vizuri hadi yafike hapo.

Kuna pia suala la kuni. Karibu kila jiko nililoingia lilikuwa na mafiga au jiko la mkaa, huku balbu ikiwaka juu yake. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na watu wa mjini wanaweza kudhani kwamba kijiji chenye umeme wake kimekwishavuka mto huo. Hesabu inakataa. Jiko la umeme la kawaida huvuta kilowati moja au zaidi, hivyo nyumba 300 zikiinjika ugali saa moja usiku, mtambo wote umekwisha, na bado hatujahesabu taa. Yale masufuria ya umeme yenye kufungwa kwa presha yanasaidia, kwa kuwa hupika maharage kwa umeme kidogo, lakini wenye nayo bado ni wachache.

Sasa gridi ya taifa imefika sehemu kubwa ya wilaya, na hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, na mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mtambo wa kijiji, wenye kulipa walinzi, mafundi na vipuri kutoka kwenye makusanyo yake, hauwezi kushindana na bei hiyo kwa muda mrefu. Simlaumu anayehama, kwa kuwa hata mimi ningehama. Ila mita ikishakuwa ya gridi, yule jirani hana tena sababu ya kupima mita 60.

Njia ipo na si ya kubuni. Kwa kanuni za wazalishaji wadogo wa umeme, mitambo ya maji ya Mwenga kule Mufindi, na Tulila ya masista wa Chipole mkoani Ruvuma yenye megawati 5, huiuzia TANESCO umeme wao. Mtambo wa kijiji ukiuza kilowati zake kwenye gridi, watumiaji wapate bei ya taifa na jumuiya ipate mapato, na sehemu ya kila uniti iende kwa walioacha mabonde yao. Nilimweleza baba mdogo pendekezo hilo kwa bidii ya mtu aliyetoka Ulaya juzi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nianze kwa kuwauliza wenye vinyungu kama wanataka fedha hiyo, au wanataka bomba la kumwagilia bustani zao nje ya zile mita 60.