Babu alibatizwa kabla hajazaliwa

Juzi napanga makaratasi ya safari mezani, paspoti nne zimetandazwa, mkubwa wangu akaja akazichambua kama anagawa karata. Nyekundu ya Ireland, yangu, nyekundu nyingine ya mdogo wake, bluu ya baba yao, bluu yake. Ana miaka kumi sasa, hana tena yale maswali ya kitoto ya kuzugwa na pipi.

"Mama, hivi mimi na huyu si tumbo moja?"

Tumbo moja, nikamwambia.

"Sasa mbona yeye anayo nyekundu?"

Nikaanza kutafuta miwani yangu.

Jibu lenyewe ni wiki tatu tu, ila ukianza kuzieleza unajikuta uko Mayo, magharibi ya Ireland, mwaka 1921, vita vya kudai uhuru vinaendelea, na kuna mama mmoja kajifungua na ana mambo mengi kuliko kwenda kuandikisha mtoto. Mtoto huyo ndiye babu yangu, mzaa mama. Nilipoanza kufuatilia uraia wa Ireland kupitia kwake ilikuwa 2013 na nikaona mbona kitu chepesi, ukiwa na babu au bibi aliyezaliwa kisiwa cha Ireland unaomba uingizwe kwenye rejista yao ya waliozaliwa nje, unapeleka cheti chake cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo, halafu vya mzazi wako, halafu vyako, na picha ambazo shahidi asiye ndugu yako kazisaini kwa nyuma, unalipa ada, unasubiri. Mama yeye hata rejista hakuihitaji. Mtoto wa aliyezaliwa kule ni raia tangu siku anatoka tumboni, hata azaliwe wapi. Nilipomwambia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Miaka yote hii mimi raia wa watu, na hawajanipigia hata simu!"

Shida ikaja kwenye tarehe. Nyumbani tunajua babu kazaliwa 17 Februari, na cheti chake cha ndoa kinasema hivyohivyo. Cheti cha kuzaliwa kilipofika kinasema 9 Machi. Nikajua nimeletewa mtu mwingine, majina yale kule yamejaa kama mchanga. Nikaandikia parokia, wakanitumia nakala ya kitabu cha ubatizo: kabatizwa 20 Februari. Yaani kabatizwa siku kumi na saba kabla hajazaliwa! Padri aliyenijibu hata hakushtuka, akaniambia wako wengi. Sheria ilitaka mtoto aandikishwe mapema, na ukipitisha miezi mitatu ni faini, kwa hiyo aliyechelewa alikuwa anaisogeza tu tarehe ya kuzaliwa mbele mpaka ikae ndani ya muda. Nikahesabu. Babu kaandikishwa 6 Juni. Kwa tarehe ya kweli muda ulishapita, kwa tarehe ya uongo bado siku tatu.

Nilimpelekea mama fotokopi ya ule ukurasa wa rejista, jioni, akavuta taa karibu. Ni mistari mirefu yenye vyumba vyumba, jina la mtoto, la baba, kazi ya baba, jina la mama pamoja na ukoo wa kwao, na karibu na mwisho kuna chumba cha saini ya aliyeleta taarifa. Pale limeandikwa jina la mama yake babu, kwa mwandiko mzuri wa mtu mwingine, na katikati ya jina pana alama ya X. Pembeni karani kaandika kwamba hiyo ni alama yake, na kwamba alikuwepo wakati wa kuzaliwa. Alikuwepo, jamani. Angekuwa wapi?

Mama akaweka kidole juu ya X. Hakukitoa.

"Hakujua kuandika?"

"Hakujua."

"Na akasimama mbele ya serikali akawadanganya hivihivi, kavu kavu."

Hakusema kwa kulaumu, alisema kama mtu anayesifia. Mama hakuwahi kumwona bibi yake, hata picha hatuna, kwa hiyo ile X ndiyo sura yenyewe. Mstari mmoja mrefu, mmoja mfupi, na pale vinapokutana wino umejaa kidogo, kama kalamu ilisita. Akachukua bahasha kuukuu na kalamu yangu akajaribu kuichora. Akachora ya pili. Akachora kama sita. "Yake imenyooka kuliko zangu," akasema. Baadaye nilikuja kusoma kwamba vitabu vya makao makuu ya uandikishaji vilikuwa nakala za vile vya awali, kwa hiyo inawezekana hata ile X ni karani aliinakili. Mama sijamwambia mpaka leo.

Yaliyobaki yalienda hovyo. Ikabidi mwanasheria aandike hati ya kiapo kueleza kwamba mtu mwenye tarehe mbili ni mmoja, na ilipokuwa tayari nikaiweka ile bahasha kwenye droo. Kwa nini? Sina sababu ya maana ya kuwapa. Shahidi wangu alisafiri, kisha mimba ikanishika vibaya, kisha kila siku nikawa nasema kesho, na babu ameshakufa haendi popote. Kesho zikafika miezi mitano.

Mkubwa nilimzaa 11 Juni 2015. Cheti changu cha kuingizwa kwenye ile rejista kimesainiwa 2 Julai. Nilikifungua kwa meno kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umemshika yeye, nikapiga vigelegele peke yangu, yeye akashtuka akalia. Wiki nzima niko juu, mpaka nilipokaa kusoma nimwandikishe na yeye. Uraia wa namna hii unaanza siku uliyoandikishwa. Zamani, chini ya sheria yao ya 1956, ulikuwa unahesabiwa tangu kuzaliwa, wakabadilisha 1986. Kwa hiyo mtoto atakayezaliwa baada ya 2 Julai anapita kupitia mimi, na kweli mdogo wake wa 2018 alipita bila kelele. Aliyenyonya pale pale huku nasoma cheti, hapana. Ipo njia nyingine, ya kumwomba waziri wao atumie hiari yake. Fomu ninayo. Iko kwenye droo.

Mama alivyosikia alikaa kimya kwanza, halafu akasema, "Si ungesema kazaliwa Julai." Sijui alikuwa anatania. Cheti cha hospitali kina saa na dakika.

Haya yote nikamweleza kijana, nusu nusu, nikamtolea na ile fotokopi. Akaitazama sana.

"Kwa hiyo huyu alichelewa, na wewe ulichelewa."

"Ndiyo."

"Ila yeye alimdanganyia mtoto wake."

Nikamwambia hebu anisaidie kutafuta miwani. Akasema iko kichwani.